Jina Lililohamia Chumba cha Pili

Mpokezi wa kliniki ya macho alikuwa na sauti ambayo wagonjwa waliipenda hata kabla hawajaingia kwa daktari. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisimama mlangoni pa ukumbi, kadi mkononi, akaita jina zima bila kulikata wala kulimeza, na wazee waliokuwa wamejikunyata kwenye mabenchi wakanyooka kama watu waliopewa cheo. Wengi wao hawakumwona. Huyu macho yana ukungu, yule yamefunikwa pamba, mwingine ametiwa dawa na dunia nzima imekuwa maji. Waliifuata sauti tu. "Nipo, mwanangu," walisema, wakinyoosha mkono hewani mpaka waupate wake.

Kazi hiyo ndiyo iliyomtia wazimu wa majina. Aliyaokota kazini kama wengine wanavyookota vifungo, na jioni akarudi nayo nyumbani na kuyamwaga mbele ya mumewe. Mumewe alikuwa fundi vioo, mtu mkubwa wa mwili na mpole, vidole vimejaa makovu madogo meupe. Karakana yake ilikuwa upande wa mbele wa nyumba walimopanga. Akiwa anakata kioo hakutaka mtu aseme naye. Alikipiga mstari, akashusha pumzi, akakivunja kwa mlio mmoja mkavu. Hapo ndipo alipogeuka na kusema, "Enhe, leo umeniletea nani?"

Walikuwa wameoana karibuni, na mtoto alikuwa njiani. Hakuwa tumboni bado. Alikuwa njiani kama mvua inavyokuwa njiani mtu akitazama mawingu. Kwa hiyo walianza kumtafutia jina mapema, kwa raha zao, wakila, wakifagia vipande vya vioo, wakingoja maji yajae ndoo. Taabu ilikuwa moja. Mke mpokezi, mume fundi: mji mzima ulipita ama machoni mwa mmoja ama mikononi mwa mwingine. Hapakuwa na jina lisilo na mwenyewe.

"Zuhura," alisema mke.

"Zuhura gani? Yule aliyeketi juu ya kioo cha meza akaniambia kimepasuka chenyewe?"

"Basi akiwa wa kiume, Sudi," alisema mume. "Jina la kiume, fupi, linakata."

"Sudi nimemwita kliniki mara tatu wiki hii. Kila nikimwita yuko chooni. Sitaki mtoto wa kungojewa chooni."

Nuru alilipenda sana mpokezi, lakini ukifanya kazi kwenye macho huwezi kumwita mtoto Nuru. Daktari angedhani anamfanyia tangazo. Siku moja alitaja Johari. Fundi akawa anasugua kioo ambacho tayari kilikuwa safi.

"Hilo tuliache," akasema.

"Kwa nini? Alikuvunjia nini?"

"Tuliache tu, mama."

Mpokezi alimtazama, akaelewa, akacheka mpaka akashika mlango. Tangu siku hiyo Johari hakutajwa tena katika nyumba ile, isipokuwa fundi alipochelewa kurudi.

Jina moja tu lilipita katika chujio la wote wawili. Lilikuwa Tunu. Hakuna Tunu aliyewahi kuketi kwenye mabenchi ya kliniki, wala Tunu aliyewahi kuleta dirisha lililovunjika. Siku moja mpokezi alilitamka polepole, na fundi akaweka kikombe chini. "Hilo," alisema. "Hilo hata ukilisema kwa hasira linatoka zuri." Wakaliweka. Hawakumwambia mtu, maana jina zuri ni kama mboga changa, likitangazwa mapema wenye mikono mirefu wanalichuma.

Mawingu yakaja, yakaenda. Mwaka ukapita, na mingine ikafuata. Wakapimwa, wakaambiwa nyote wazima, nendeni mkapumzike. Wakapumzika. Wakapimwa pengine, wakaambiwa vilevile. Mpokezi alianza kurudi nyumbani bila majina, na fundi akaacha kuuliza leo ameletewa nani. Lile jina moja lilibaki baina yao. Wakati mwingine, wakiwa kimya, kila mmoja alijua kwamba mwenzake analifikiria.

Mpokezi alikuwa na mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, aliyemlea kama mwanawe baada ya mama yao kufariki. Mdogo huyo alipoolewa, vyumba vya jirani katika ua uleule vilikuwa vitupu, akahamia hapo na mumewe. Hata kuta hazijawazoea, akashika mimba. Alijifungua mtoto wa kike mwenye alama nyeusi shavuni, ndogo kama mbegu ya papai. Siku alipotoka hospitali aliketi kitandani, amechoka, anacheka, akamwambia dada yake, "Wewe ndiye mwenye majina, dada. Nipe moja."

Mpokezi alikuwa na majina ya kutoa. Alikuwa na Zuhura, alikuwa na Nuru, alikuwa na mengine mazuri tu ambayo angeyatoa bila kuumia. Alifungua mdomo atoe mojawapo. Lakini mtoto alikuwa ameushika ukucha wake wa kidole gumba na kuukaza, na mdomo ukasema, "Tunu."

"Lo!" mdogo wake akasema. "Ulilificha wapi siku zote hizi?"

Alipomwambia fundi, fundi alikuwa amebeba kioo cha mlango. Alikitua kwanza, taratibu, akakiegemeza ukutani.

"Lile?"

"Lile."

"Haya," akasema. "Angalau tutalisikia likiitwa."

Na kweli walilisikia. Mtoto alikua baina ya milango miwili. Alitambaa kutoka kwa mama yake akaja kwa mama mkubwa, akapewa uji huku, akapewa tena kule, akanenepa akawa kama mtungi. Mpokezi alimbeba kila alikokwenda. Alijifunza uzito wake, harufu ya utosi wake, namna alivyolala amekunja ngumi moja tu. Alipomwita, alimwita kama alivyowaita wagonjwa wake, jina zima, limesimama. Na mtoto alipoanza kusema, alimwita "Mama Mkubwa," maneno mawili kwa pumzi moja. Mpokezi aliyapokea yote mawili, ingawa, kusema kweli, sikio lake lilipenda kusimama kwenye la kwanza.

Jambo lenyewe lilitokea bila kishindo. Ilikuwa asubuhi ya siku ya mapumziko. Mpokezi alikuwa amekwenda dukani ng'ambo ya njia, mtoto ubavuni, na alipokuwa anarudi, mwenye duka alitoka akapaza sauti, "Mama Tunu! Mama Tunu, umesahau sabuni!"

Mpokezi aligeuka upesi. Alitabasamu, akarudi, akachukua sabuni. Alipoingia uani alimkuta mdogo wake anaanika nguo. Alikuwa amesikia, njia yenyewe ilikuwa nyembamba, na mwenye duka alikuwa na sauti kubwa. Mdogo aliinamia beseni. Alikung'uta shuka, akalitandaza kambani, akalinyoosha na kulinyoosha tena, mahali ambapo halikuwa na mkunjo.

Jioni ile alimwita mwanawe aoge. "Kidoti!" aliita, kwa ile alama ya shavuni. "Kidoti, njoo."

Hivyo tu. Hakuna aliyegombana. Kesho yake Kidoti, kesho kutwa Kidoti. Baba mtu akalidaka, majirani wakalidaka, hata fundi vioo mwenyewe akajikuta siku moja anamwambia Kidoti asikanyage vipande vya vioo, akauma midomo huku mkewe anamtazama. Jina la utani lina miguu myepesi. Tunu likabaki kama sahani za wageni, zimepangwa vizuri kabatini na hakuna anayezilia. Mpokezi peke yake ndiye aliyelitumia, tena ndani kwake, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umerudishwa. Mtoto aliitika kote kuwili. Kwa mama alikuwa Kidoti, kwa mama mkubwa alikuwa Tunu, na hakuona ajabu, kama vile mtu asivyoona ajabu kuwa na mikono miwili.

Kisha shemeji akapata kazi mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Wakafungasha. Siku ya kuondoka kila mtu alikuwa na haraka ya godoro na masufuria, na mpokezi hakupata nafasi ya kumwita mtoto pembeni. Alimfunga tu kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga upya.

Vyumba vile walipanga vijana wawili wachangamfu wenye redio. Hawakuwa na baya. Lakini kwa muda mrefu mpokezi, akirudi kazini, miguu ilimpeleka kwenye mlango wao kwanza, na mara moja alikuwa ameshaubisha kabla hajakumbuka. Kijana mmoja alifungua, mswaki mdomoni. "Karibu, mama," akasema. Ikabidi aombe kiberiti ambacho hakukihitaji.

Alipiga simu. Mdogo wake alipokea kwa furaha, wakazungumza habari za bei za vitu na joto na maumivu ya mgongo. "Na Kidoti?" aliuliza mpokezi. Ndiyo, kwenye simu alimwita Kidoti na yeye, ili asimguse mtu palipouma. "Yuko nje anacheza," aliambiwa. "Kalala." "Kaenda kwa rafiki yake." Pengine alikuja kwenye simu, akahema, akasema "Shikamoo Mama Mkubwa," akajibu ndiyo na hapana, akaondoka. Mpokezi alibaki na simu sikioni, na jina likiwa mdomoni, zima, halijaguswa.

Mtu alipoacha kutazama mawingu, mvua ikanyesha. Mpokezi alikuwa amevuka arobaini. Daktari wa macho ndiye aliyegundua kwanza, alimwona ameshika meza kwa mikono miwili, akamwambia, "Hicho si kizunguzungu cha macho. Nenda kapimwe kwa wenzangu." Aliporudi na majibu, fundi alikuwa katikati ya kukata. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisemeshwa mstari ukiwa haujaisha, na kioo kikaenda upande. Hakukitazama hata.

Hawakumwambia mtu mpaka tumbo liliposema lenyewe. Hapo ndipo mji ukafungua mdomo. Kila mgonjwa alikuja na jina. Bahati, mwite Bahati. Mwite Neema. Na wengi zaidi ya wote walisema, mwite Subira, maana mmesubiri, na subira yavuta heri.

"Subira sitaki," mpokezi alimwambia mumewe. "Sitaki kabisa."

"Ni jina zuri."

"Ni zuri kwa mwingine. Sisi ndio tuliosubiri. Yeye kasubiri nini? Mtoto azaliwe leo, atwishwe miaka yetu mgongoni, kila akiitwa watu wakumbuke kwamba mama yake alikuwa hazai? Hapana."

Fundi akakubali. Waliirudia michezo yao ya zamani, lakini sasa ilikuwa migumu, maana miaka ilikuwa imewaongezea watu wa kuwajua. Kila jina lilikuja na sura, deni, kikohozi, dirisha. Mwishowe jioni moja fundi alisema kile walichokuwa wamekizunguka.

"Mimi nina neno. Usikasirike."

"Sema."

"Tunu. Nani analitumia? Yule ni Kidoti. Mama yake humwita Kidoti, baba yake Kidoti. Jina lilikuwa letu tangu mwanzo. Tulirudishe."

Mpokezi alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya mpaka kiazi kikawa kidogo kama yai.

"Unafikiri sijaliwaza?" alisema. "Naliwaza nikiamka. Lakini siku nikiliita uani, mimi nitamtazamia nani aje? Huyu au yule? Na yule, nikimnyang'anya hilo, atabaki na nini cha kwangu? Sikumpa kitu kingine."

"Hajui hata kama ulimpa."

"Mimi najua."

Fundi alichukua kisu na viazi vilivyobaki, akamalizia kuvimenya yeye. Hakulisema tena.

Mimba ilipokomaa, mdogo wake alikuja kumsaidia. Shule zilikuwa zimefungwa, akaja na binti. Mpokezi aliwaona wakiingia uani na hakumtambua. Alimwona msichana mrefu wa miguu myembamba, jino la mbele halipo, ameshika begi kubwa kumpita. Kisha akaona ile alama shavuni. Akataka kumwita. Alimtazama mdogo wake, na sauti yake yote, ile iliyowanyoosha wazee kwenye mabenchi, ikamkauka.

"Karibuni," akasema. "Karibuni nyote."

Siku ya pili walikuwa jikoni, wanawake wawili, wanakunja nguo za mtoto zilizokwisha fuliwa. Mdogo akasema, bila kuinua macho, "Dada, kama mnahangaika na jina, lichukueni lile. Sisi tumeshazoea Kidoti."

Kabla mpokezi hajajibu, sauti ilitoka mlangoni. Binti alikuwa amesimama pale na kikombe cha maji.

"Lipi? Tunu? Hilo si langu?"

Mama yake aligeuka. "Wewe ni Kidoti, mama."

"Nyumbani. Shuleni naitwa Tunu. Mwalimu aliniuliza siku ya kwanza unaitwa nani, nikamwambia Tunu. Wote wananiita Tunu." Aliwatazama kwa zamu, ameanza kuogopa. "Mnataka kumpa mtoto?"

"Hatumpi," mpokezi alisema. "La kwako ni lako. Kunywa maji yako."

Binti akanywa palepale, amesimama, mpaka tone la mwisho, kama anayeogopa kwamba na maji pia yatachukuliwa. Kisha akatoka kwenda karakana kumtazama baba mkubwa akikata vioo.

Mpokezi alihisi furaha imempanda, na nyuma ya furaha ile kitu kingine kinashuka polepole, maana sasa jina lilikuwa limeondoka kwake kabisa. Miaka yote alidhani amelitunza yeye. Kumbe mwenyewe alikuwa analitembeza, mbali, mbele ya mwalimu na watoto wasiomjua mama mkubwa yeyote.

"Lilikuwa linanikata, dada," mdogo wake alisema. Alikuwa ameshika kofia ndogo, anaigeuza ndani nje. "Siku ile yule bwana wa duka alipokuita. Nilijiona kama yaya wa mwanangu mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mimi ninaye, wewe huna. Kidonda changu ningekuonyesha kwa uso gani?"

Mpokezi aliichukua ile kofia mkononi mwake, akaikunja.

"Na mimi niligeuka," alisema. "Aliponiita niligeuka upesi, hata sikufikiri. Nilijua si mimi. Nikageuka."

Hawakulia. Walikaa hivyo kidogo, magoti yao yamegusana, kisha mdogo akasema viazi vinaungua, na kweli vilikuwa vinaungua.

Uchungu ulimshika mchana, kazini kwa fundi kukiwa na mteja, na mteja ndiye aliyetafuta gari. Ulikuwa mrefu, wa kumvunja mtu wa umri ule. Fundi alizunguka ua wa hospitali akipapasa madirisha na kuyapima kwa vidole bila kujijua. Mdogo mtu alikaa kwenye benchi na simu, na simu haikunyamaza: mumewe, majirani, daktari wa macho, vijana wa redio. Kila aliyeuliza alimjibu neno lilelile, mwanzoni kwa kuwatuliza watu, baadaye kwa woga, macho yameng'ang'ania mlango. Salama. Bado, lakini salama. Nawaambia salama. Kuna wakati hakuwa anajibu mtu tena, simu imezimika, na midomo inaendelea. Jua lilipoanza kulegea muuguzi alitoka, akasema imebidi apasuliwe, ni msichana, na mama mtu ni mzima. Mdogo akakaa chini sakafuni palepale na viatu vyake.

"Jina la mtoto?" muuguzi alimwuliza fundi.

Fundi, aliyekuja mbio kutoka uani, alitazama mikono yake.

"Andika mtoto wa mpokezi," akasema.

Waliporudi nyumbani mtoto alikuwa bado hana jina. Mpokezi alilala naye ubavuni siku nzima akimtazama, na majina yote aliyowahi kuyaokota yalipita mbele yake, yakasogea, yakaenda zao. Alimwita mdogo wake.

"Keti hapa. Mimi nilikupa jina la wako. Nipe la wangu."

"Dada, mimi sina majina! Mimi mbwa wetu tulimwita Mbwa."

"Ndiyo nataka. Mimi nimechoka kuchagua."

Mdogo alihangaika. Alipika akiwaza, akafua akiwaza, akaja mara mbili mlangoni akarudi. Kesho yake asubuhi aliingia amejifunga kanga kiunoni kama anayekwenda kugombana.

"Salama," akasema. "Sijui kama ni zuri. Ndilo nililokuwa nalo mdomoni siku ile."

Kama lingeletwa mezani enzi zile, mpokezi angelitupa kabla chai haijapoa. Aliliwaza ukumbini: unaita Salama, na benchi zima linadhani unalijibu maamkizi. Lilikuwa jina la kila siku, la kushikwa bila kutazamwa, kama kijiko. Halikuwa Tunu. Moyo wake uliliangalia Tunu mara moja tena, kule lilikokuwa uani na jino lake lililotoka, linamfundisha baba mkubwa mchezo wa kuruka. Kisha akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa anangoja jibu na mikono imemlegea.

"Fundi!" aliita. "Njoo umsikie mwanao anaitwa nani."

Fundi alikuja, akaambiwa, akalionja. "Salama," alisema. Akafikiri. "Simjui Salama hata mmoja."

"Basi," mpokezi akasema. "Limepita."

Na hapo alianza kucheka, na mshono ukamuuma, na mdogo wake akamshika tumbo kwa viganja viwili ili asiumie.

Walikaa mpaka shule zilipokaribia kufunguliwa. Siku zile mpokezi alimwita binti jina lake kwa sauti, uani, mbele ya watu wote, na mdogo wake akawa anasikia na kuendelea na kazi zake. Yeye mwenyewe ulimi ulikuwa mzito. Mara Kidoti, mara Tu-Kidoti. Binti alimcheka. Alimbeba mtoto kwa uangalifu mkubwa, shingo imemkakamaa, na hakutaka kupokewa hata mkono ulipokufa ganzi.

Asubuhi ya kuondoka fundi alibeba mizigo kuwasindikiza kituoni. Mpokezi hakuweza kutembea mbali, akabaki mlangoni. Binti alimkumbatia, akamwinamia mtoto, akamnong'oneza jambo. Mama mkubwa hakuliuliza. Aliwatazama mpaka kwenye kona. Redio ya vijana ilikuwa inatangaza bei za mazao. Aliingia ndani, akatandua kitanda walicholalia wageni, akakitandika upya, akakaa juu yake.

Mtoto aliamka. Akaenda akamchukua.

"Haya, Salama," akamwambia. Jina lilikuwa bado geni mdomoni, halijapata mahali pake. Akalijaribu tena kwa ile sauti ya ukumbini, nzima, bila kulikata. Mtoto alikuwa anatazama mwanga wa dirishani na hakushughulika naye. "Salama," akaita mara ya tatu. "Wameondoka, mama. Tumebaki sisi."

Fundi aliporudi alimkuta hapohapo.

"Wamepata kiti?"

"Cha dirishani. Kioo chake kina ufa. Nimemwonyesha dereva."

"Na Tunu? Alisema nini?"

Fundi alivua viatu, akavikung'uta mlangoni.

"Alisema tuangalie sana," alisema. "Mtu asije akampa mtoto jina la utani."

Mpokezi aliitikia kwa kichwa. Fundi akampokea mtoto, akamweka begani, akaanza kutembea naye chumbani, kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine.